Barua ya wazi kwa kiongozi wa afya: tuma mtu aione kofia ya mwanga

Lubumbashi, komine ya Katuba

Mheshimiwa,

Jina lako siliandiki, unajijua. Nasi tunakukumbuka tangu siku ile uliposema redioni kwamba ndani ya siku 30 vituo vyote vya matibabu vya mitaani vitakaguliwa. Nakusalimu kwa heshima zote. Siku zile 30 sasa zina wajukuu.

Jumanne iliyopita nilimpeleka baba kwa mara ya tisa kwenye kituo kinachotibu kiharusi kwa kofia ya mwanga. Dakika ya nne umeme ukakatika. Tukakaa gizani, mzee na kofia yake kichwani kama mtu anayengoja kupigwa picha ya pasipoti, mpaka yule mwenye koti jeupe akaja kusema muda umekwisha. Umekwishaje, na taa haikuwaka? Akasema ubongo ulikuwa umeshashiba. Dola 25.

Tulilipia mara 12 kwa mkupuo, Mheshimiwa, dola 300. Cherehani ya mke wangu imo humo. Tena tulimwachisha kijana aliyekuja nyumbani kumnyoosha baba mkono na mguu, maana fedha za wote wawili hazikuwapo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko cherehani. Mkono ulikuwa umeanza kukunja vidole. Sasa umelala tena.

Mimi siukatai mwanga. Mdogo wangu anasoma udaktari, alinieleza: kuna mwanga usioonekana kwa macho, infraredi, ambao watafiti wanaumulika kichwani wakitumaini utafika kwenye mitokondria, vijitanuru vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, na kuzipa seli nguvu. Lakini ngozi na mfupa wa fuvu huuzuia karibu wote, na nywele nazo huuzuia. Baba alivalishwa kofia juu ya mvi zake nzito, hakuna aliyeuliza wembe. Akaniambia pia juu ya NEST-3, jaribio kubwa la leza ya namna hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi: lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa faida haikuonekana. Na wale walimulikwa ndani ya saa 24 tangu kuugua! Baba alianza mwezi wa tano baada ya kuanguka.

Kofia yenyewe inawaka nyekundu. Baba amesimama mbele ya tanuru la shaba miaka 27. Kama wekundu wa mwanga ungetosha kuamsha ubongo, leo angekuwa anafundisha chuo kikuu.

Nadhani kofia zile zilivuka mpaka katika gunia moja na wigi, na aliyepaswa kuuliza alipewa cha kumnyamazisha. Labda nakosea. Nisahihishe kwa kutuma mtu. Mmoja tu, bila msafara, bila kamera. Apime kofia ile inatoa mwanga gani, aulize nani aliiruhusu. Hata fedha sizidai tena. Tuma mtu, Mheshimiwa, maana Jumanne ile ukumbini niliacha akina mama sita wanangoja zamu, na mmoja alikuwa anahesabu noti zake mara ya pili.

Baba sijaweza kumwambia. Hasemi tangu augue, lakini anahesabu. Kila asubuhi ananiinulia mkono wa kushoto, ule unaomtii, ananionyesha vidole vitatu: zimebaki tatu.

Mimi, mtoto wa mgonjwa.