Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Mabaharia wa Pegasus

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Leo tunamkumbuka mwanamaji mmoja ambaye hata jina lake hatulijui.

Mheshimiwa, alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa Unguja, mashine zimefunguliwa kwa matengenezo. Haikuwa na pa kwenda. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyokuwa imejificha Rufiji, ikatokea, ikakaa mbali, ikaanza kupiga. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Bendera ikaangushwa. Husimuliwa kwamba askari wake waliinyanyua kwa mikono. Mmoja alipopigwa, mwenzake akaidaka. Huyo aliyepigwa ndiye tunayemkusudia. Walikufa zaidi ya 30, na mchana meli ikapinduka, ikazama.

Königsberg nayo mashine zikaisumbua, ikarudi Rufiji, na huko ikamalizwa 11 Julai 1915. Mzinga wake mmoja na wa Pegasus sasa viko pamoja Fort Jesus, Mombasa. Sisi bado hatujafika.

Wapo wanaouliza: vita vya Mwingereza na Mjerumani vinatuhusu nini? Hata klabuni tulibishana wiki mbili nzima. Kweli, havikuwa vyetu. Lakini makaburi yako kwetu.

Mwezi uliopita tulivuka kwenda Chapwani, kisiwa kidogo walikozikwa mabaharia wa Pegasus. Popo wamejaa mitini, hawanyamazi hata mchana. Kwenye jiwe moja lililoota ukungu, mwenzetu wa Kidato cha Pili alisugua kwa ncha ya mtandio wake, zikajitokeza herufi tatu: P, E, G. Hakuna aliyesema kitu mpaka nahodha alipotuita, maji yanakupwa.

Mheshimiwa, tatizo letu ni nauli. Safari ile tulichangishana, na wenzetu saba walibaki pwani wakitutazama. Tunaomba utusaidie boti kila ifikapo 20 Septemba, na utuombee ruhusa kwa wahusika tufyeke majani yaliyofunika makaburi. Mapanga na majembe tunayo.

Tunaomba kuwasilisha.