Kwa wanangu wa kijiwe cha Mbagala: "hasi" ile si kupona

Wanangu,

Juzi jioni mmoja wenu alinifuata nyumbani, akachomoa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne ndani ya kava la simu. Neno "hasi" mbele ya HBeAg, yaani antijeni e, protini ambayo kirusi cha homa ya ini B humwaga kwenye damu, lilikuwa limezungushiwa kalamu nyekundu. "Baba, nimepona," akaniambia. Wiki mbili alikuwa hajameza dawa. Nimeshinda maabara ujana wangu wote, na usiku ule sikupata usingizi.

Kirusi cha homa ya ini B kina maandishi mafupi ya vinasaba, herufi 3,200 hivi. Kikizaana, DNA yake hunakiliwa kwa kupitia RNA, nakala ya kati, na kimeng'enya kinachonakili hakirudi nyuma kusahihisha. Basi makosa hayakomi. Mengi hukiangamiza kirusi chenyewe, machache hukifaa. Herufi moja ikigeuka kwenye nafasi ya 1896, antijeni e haitengenezwi tena, kipimo kinasoma hasi. Ila protini inayojenga ganda haijaguswa, na kirusi kinaendelea kuzaana ndani ya ini. Mabadiliko ya nafasi za 1762 na 1764 yananitisha zaidi: antijeni e inapungua huku kuzaana kukiongezeka, na wenye kirusi cha namna hiyo wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini.

Hasi hiyo yaweza pia kuwa ya heri, mwili umeanza kukidhibiti. Karatasi peke yake haikwambii ni ipi. Tazameni mstari wa HBsAg, antijeni ya uso wa kirusi: ukiwa chanya, kirusi bado kimo mwilini. Wa kijana wetu ulikuwa bado chanya, hakuuona. Kisha ombeni kipimo cha wingi wa virusi. Najua bei yake inauma, lakini ombeni.

Na dawa msiziache kienyeji. Enzi za lamivudini, dawa ya zamani ya kirusi hiki, kirusi kilibadilika nafasi ya 204 ya kimeng'enya, dawa ikakosa pa kushika. Badiliko lile lilikipunguzia kasi ya kuzaana. Likaja jingine, nafasi ya 180, likakirudishia nguvu. Tenofovir, dawa ya siku hizi, ni ngumu mno kwa kirusi kuikwepa, ila haifanyi kazi ikiwa kabatini. Ukiikatisha ghafla virusi hufumuka, na ini laweza kushindwa kabisa.

Kijana nimempeleka kliniki mwenyewe, ameanza tena kumeza. Jumapili alasiri nitakuwa barazani. Njooni na karatasi zenu, hata zile kuukuu, tuzisome mstari kwa mstari.

Baba yenu