Kwa wanangu wa jumuiya mnaokosa usingizi kwa ajili ya marejesho ya mikopo

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi akina mama wa jumuiya yetu, hasa wenye vibanda sokoni, na mwingine yeyote mwenye mzigo wa namna hii. Pikipiki ikisimama nje tukiwa kwenye wimbo, kuna anayenyamaza ghafla na kutega sikio. Kuna aliyemfundisha mtoto wa chekechea kusema "mama kasafiri." Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ya kutosha kujua kwamba hayo si mapepo. Ni marejesho ya Jumatatu.

Maombi yetu yana kasoro, niwaambie. Mtu anasimama anasema, "Niombeeni, nina mambo yangu." Tunapaza sauti, tunakemea, tunaketi. Hakuna anayeuliza mambo gani. Dada huyo anarudi nyumbani na deni lake lile lile, na sasa kajibebesha na hatia juu yake: anajiona hana imani kwa sababu hofu haijamtoka.

Mwanangu, hofu haimaanishi kwamba Mungu amekuacha. Eliya ndiye aliyeomba moto ukashuka Karmeli, na muda si muda akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Someni 1 Wafalme 19. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye. Basi ninyi mnaoamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, mkashinda na chai ya rangi, kisha usiku mkapiga hesabu mpaka jogoo awike, kuleni. Laleni. Mtu mwenye njaa na usingizi hawezi kuamua jambo la fedha.

Ila ninayetaka mkae naye zaidi ni yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, na bado alikufa akaacha deni. Mwia, yaani mwenye kumdai, amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tazameni alivyomwendea Elisha. Hakusema "nina mambo yangu." Alimtaja mwia, akawataja watoto. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Chupa ya mafuta, basi. Akatumwa kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, na visiwe vichache. Fikirini aibu ile! Mtaa unajua anadaiwa, naye anapiga hodi nyumba hadi nyumba akiomba vyombo. Muujiza wake ulipitia kwenye milango hiyo. Na mafuta ya chupa ile yalipojaza vyombo vyote, hakuambiwa ahame usiku. Aliambiwa auze, alipe deni, yanayobaki ale yeye na wanawe.

Naye Paulo aliandika akiwa kifungoni: "haja zenu na zijulikane na Mungu." Basi mjulisheni. Mtajieni kiasi, mtajieni na tarehe.

Mwenye mume, amwambie mumewe. Najua wengine mmekopa kwa siri, na najua si kila mume ni wa kuambiwa peke yako. Mwenye mume wa namna hiyo, tutakwenda naye mimi na mchungaji. Msikope kwa huyu mkamlipe yule, maana hapo ndipo wakopeshaji wa kausha damu, wa riba ya kuumiza, wanapowakamata. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, mwulizeni awaonyeshe. Hata hizi programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza 69 zinazokopesha bila idhini. Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, nasi tuna kikundi lakini hatujawahi kuandika hata barua ya maombi. Na fedha ya mkopo isitolewe sadaka ya kupanda mbegu. Nani amewaambia Mungu anahitaji riba yenu?

Alhamisi hii tuanze saa tisa badala ya saa kumi. Njooni na daftari la marejesho na mkataba, hata ule uliotia sahihi bila kuusoma. Mwalimu wetu mstaafu atatusomea kifungu kwa kifungu. Tutaomba kwa kila deni kwa kiasi chake, kisha tutapiga hesabu pamoja. Yatakayosemwa pale yatabaki pale, na atakayeyapeleka sokoni nitamfuata mimi mwenyewe.

Mama yenu,
Mzee wa kanisa