Mwambie Baba Mdogo sina Coaster

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwenu, hasa Mama na ule mguu wake. Muhtasari wa kikao nimeupata. Umeuandika kikatibu kweli, hata pale mlipofokeana umeweka "wajumbe walijadili kwa kina". Nilicheka peke yangu mpaka nilipofika kwa Baba Mdogo: "NBA imemshinda, basi angalau atutoe na Coaster." Ati ligi kubwa ya kikapu ya Marekani ikinikataa, niwanunulie basi la abiria! Nikaweka simu chini, nikaenda mazoezini na hasira zangu. Kocha akanisifu, akadhani ni bidii.

Sasa haya uwasomee kikao kijacho, na usiruke maneno.

Baba Mdogo tangu ule usiku wa mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya na Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet akaitwa wa pili, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba, anaamini kijana wa Dar akirefuka tu na kupanda ndege, Marekani wanamsubiri na gunia la hela. Na huyo Hasheem mwenyewe baadaye alikwenda kucheza Japani na Taiwan, sijasikia ukoo wake umekaa kikao. NBA ina timu 30, kila timu watu 15 wenye mkataba kamili. Vyuo vya Marekani vinavyocheza daraja la kwanza vinapita 350, na kila mwaka majina yanayoitwa hayazidi 60, humo humo wamo vijana wa Ulaya na Australia. Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliongoza kanda nzima kwa ribaundi. Picha yangu ipo ukutani pale ukumbini hadi leo, shahada ninayo kabatini kwa Mama, na usiku wa majina sikuitwa. Wengi wetu ndivyo tunavyotawanyika: Ureno, Balkani, sasa Iceland.

Amuulize yule jirani yake Mkenya habari za Tylor Ongwae. Alisoma Louisiana, akaenda kucheza Denmark, NBA hakuigusa. Februari 2021 kule Yaoundé akawafunga Angola sekunde za mwisho kabisa, 74 kwa 73. Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo! Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Nani alimdai Coaster?

Tuje kwenye hela, maana najua ndipo mnaposubiri. Mshahara wangu unaanza ligi ikianza Oktoba, unakatika Mei. Nyumba na gari ni vya klabu, nikiondoka naacha funguo mezani. Juni hadi Septemba silipwi hata senti, ndiyo maana nikija likizo mnaniona nina viatu vizuri na nakopa nauli ya kwenda Kariakoo. Wakala naye ana chake. Mshahara niliodhulumiwa kule Balkani bado sijaupata. Shauri liko kwa wasuluhishi wa mpira wa kikapu, Geneva, na klabu ikiambiwa ilipe ikagoma, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaweza kuifungia kusajili wachezaji. Hilo tuliache, nitakosa usingizi.

Halafu pasi ya kusafiria. Ligi nyingi za Ulaya zinaweka kikomo kwa watu wa nje, kwa hiyo nagombea kiti kimoja na Wamarekani, na Wamarekani hawaishi. Wakala anasema Hispania na Ufaransa pasi zetu zina bei, kwa ajili ya ule mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 kati ya Ulaya na nchi kama zetu, ambao siku hizi umerithiwa na wa Samoa, huko hatuhesabiwi kapu moja na Wamarekani. Ananiimbia Hispania tangu nimjue. Nikifika huko tutazungumza habari za magari.

Lakini Dada, Alhamisi! Tulianza saa moja na robo usiku, kwenu saa nne na robo, mmeshafunga milango. Mwisho wa mchezo tuko nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde nne. Mlinzi wetu akarusha kutoka kona. Mimi mpira sikuutazama kabisa. Niliutafuta mgongo wa lile jitu lao la kati, kama tulivyofundishwa pale Don Bosco Upanga, nikamzungukia kwa ndani, mpira ulipodunda kwenye ringi ukanikuta hewani. Mkono wa kushoto, ubaoni, ndani, na taa nyekundu ya muda kwisha ikawaka. Waamuzi wakaenda kwenye runinga ya mezani. Wakatazama, wakarudisha, wakatazama. Yule mkubwa akageuka, akanyoosha vidole viwili juu, akavishusha: kikapu halali. Ukumbi ulipasuka! Kuna bibi mmoja hufuma sweta mechi nzima bila kuinua uso, siku hiyo alisimama na sindano zake mkononi. Huku nikiingia duka la mikate silipi. Muulizeni Baba Mdogo yeye duka gani hapo mtaani halimdai.

Jioni nafundisha watoto wa klabu, ni sehemu ya kazi. Wananiita jina langu kavu kavu, shikamoo hakuna, na wanasema hata rais wao wanamwita hivyo hivyo. Mama usimsomee hapa. Ila msomee hili: wana ng'onda wao, mkavu kama ubao, wanaupaka siagi na kutafuna. Siagi, Dada! Nilionja kwa heshima, moyoni namuwaza papa wa nazi wa Mama. Desemba jua linatoka saa tano na dakika ishirini asubuhi, saa tisa na nusu limekwisha zama. Miezi hiyo ndiyo napiga simu mara nyingi, msiseme nasumbua.

Nyumba ya Mama imeishia kwenye lenta tangu mvua za mwaka juzi. Hiyo nitaipaua mimi. Bati za msauzi, si zile nyembamba, na mbao zitiwe dawa. Duka nitalilipa mwenyewe, fundi atalipwa kwa awamu nikiona picha. Pesa isipite kwa Baba Mdogo hata dakika tano. Ile Bajaji niliyoinunua kwa hela ya mkataba wa Ureno iliishia wapi? Hesabu zililetwa wiki za mwanzo, mara dereva anaumwa, mara spea, kisha kimya. Mwaka jana nimeiona kwenye picha za harusi ya watu, imepigwa rangi nyingine. Nani aliiuza, kwa kiasi gani, hadi leo sijaambiwa, na kwenye muhtasari wako hakuna hata mstari. Weka iwe ajenda ya kwanza, kabla ya Coaster.

Harusi ya mdogo wetu niandikeni laki tano, jina langu lisomwe ukumbini kwa sauti. Suti za kamati msinihesabu.

Nitumie namba ya lipa ya duka la bati, na vipimo vya fundi viwe vya maandishi, si vya mdomo. Ukipata mtu anayekuja London, mpe unga wa dona, hata kilo mbili, nitajua namna ya kuufuata.

Mdogo wako