Mguu unaowaka moto baada ya tiba ya varikosi usikandwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hapa Tanga wenye kazi za kusimama kutwa, kuanzia mama lishe wa sokoni Mgandini hadi wafanyakazi wa korona (viwanda vya kusindika mkonge) za Muheza na Korogwe, wengi wana mishipa ya varikosi miguuni, yaani mishipa ya damu iliyovimba na kujipinda chini ya ngozi, na wanaojaliwa uwezo huitibu. Ninaloandikia huanza baada ya tiba hiyo. Mshipa umeondolewa au umezibwa, kidonda kimefunga vizuri, lakini mguu una ganzi, unawaka moto, au unapiga shoti kama ya umeme shuka likiugusa tu. Nyumbani husemwa damu imerudi. Mguu unakandwa maji moto, duka la dawa linatoa diklofenaki, mwezi unakwisha bila nafuu. Mara nyingi damu haijarudi kokote. Kilichoumia ni neva, yaani mshipa wa fahamu, na maumivu ya neva yana dawa zake.

Mshipa mkuu unaotibiwa hupanda kutoka kifundo cha ndani cha mguu hadi kinena. Kuanzia goti kushuka chini, huongozana na neva nyembamba ya hisia, na kuna mahali vimegusana kabisa. Neva hiyo haiendeshi msuli wowote chini ya goti. Ikiumia, mtu hapoozi. Hupata ganzi au moto kwenye muundi kwa ndani, hadi ukingo wa wayo upande wa dole gumba. Mshipa mdogo wa nyuma, unaopita kwenye shavu la mguu, nao una neva yake, na hiyo ikiguswa ganzi hukaa ukingo wa nje, kuelekea kidole kidogo. Karibu na goti, kwa nyuma, ziko neva kubwa zinazoendesha wayo mzima. Hapo hakuna mzaha.

Basi swali la kwanza kumuuliza daktari wa upasuaji ni hili: utaung'oa mshipa hadi wapi? Ukiishia chini kidogo ya goti, wengi hawapati shida. Ukishuka hadi kifundoni, hatari ya kuiumiza neva huongezeka sana. Kwa tiba ya joto, yaani leza au mawimbi ya redio, swali ni la maji ya ganzi. Katheta ya mawimbi ya redio, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, hufika nyuzi 120 kwa sekunde 20 katika kila kipande cha mshipa, na joto hilo halichagui kati ya mshipa na jirani yake. Kinga ni lidokeini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na maji ya chumvi ya dripu, kwa mfano ml 50 za lidokeini ya asilimia 1 ndani ya ml 450 za maji, zikidungwa kuuzunguka mshipa huku daktari akitazama kwa altrasaundi. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kama ml 10 kwa kila sentimita ya mshipa, mpaka kwenye kioo uonekane umeogelea pande zote. Maji hayo hutuliza maumivu, hupoza, na husukuma neva na ngozi zikae mbali. Yakikosekana sehemu moja, sehemu hiyo ndiyo itakayoungua. Ni hatua ya kuchosha, na ndiyo inayorukwarukwa mtu akiwa na haraka.

Tiba ya povu, yaani dawa ya povu inayodungwa ndani ya mshipa ili kuuziba, haina joto wala kung'oa, kwa hiyo neva huguswa kwa nadra, ila mshipa hufunguka tena mara nyingi zaidi. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2013 uliweka joto kwanza, kisha povu, upasuaji mwisho. Ambaye hospitali yake ina kisu tu asijione amepunjwa. Swali la kuishia gotini lina faida ile ile.

Siku ya kwanza ganzi isimtishe mtu, kwani dawa hudumu saa kadhaa na pengine hulegeza hata paja. Asipande bodaboda peke yake, asishuke ngazi bila wa kumshika. Dawa ikishaisha, ajipime mwenyewe: asimame kwa visigino, kisha asimame kwa vidole, kisha ainue dole gumba huku mtu akilikandamiza. Akiweza vyote, neva za misuli ziko salama. Akishindwa kuinua wayo, vidole vikakwaruza sakafu na kandambili ikawa inachomoka kila hatua, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na hapo, kabla ya kumlaumu daktari, itazameni bandeji. Nje ya mguu, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa unachoweza kukishika kwa kidole. Neva inayoinua wayo inazunguka chini yake tu, imefunikwa na ngozi na nyama kidogo. Bandeji ikikazwa hapo, au ukingo wa soksi ya kubana ukijikunja na kuwa kama kamba, wayo unaweza kulegea bila kisu kupita karibu. Bandeji ianzie kwenye shina la vidole, ikaze zaidi kifundoni, ilegee kadiri inavyopanda, na palipo na kifundo hicho pawekwe pamba. Juu ya wayo pakianza kufa ganzi, ifunguliwe na kufungwa upya, usiku au mchana. Kukunja nne na kuchuchumaa muda mrefu kwenye beseni la nguo huibana neva ile ile. Kwa wiki hizo za kwanza fueni mkiwa mmesimama, au afue mwingine.

Kuna maumivu ambayo si ya neva. Kamba ngumu inayovuta ndani ya paja katika wiki ya kwanza au ya pili ni mshipa uliozibwa ukijikunja, nayo hupoa. Shavu la mguu likivimba, likawa gumu, lenye joto na kuuma, hilo ni la kukimbilia hospitali kwa sababu ya damu kuganda kwenye mshipa wa ndani. Kifua kikibana au pumzi ikikata, msisubiri asubuhi. Anayetibiwa Dar es Salaam akarudi kwa basi asikae kitini njia nzima: basi likisimama Chalinze au Segera ashuke atembee, na akiwa kitini awe anapiga vifundo juu na chini. Moto ukiwa kwenye nyayo zote mbili sawasawa, upasuaji wa mguu mmoja hauhusiki. Pimeni sukari, na mweleze daktari kama mnatumia dawa za kifua kikuu, maana isoniazidi nayo huchoma neva.

Kuhusu dawa, diklofenaki na parasetamo hazifanyi kazi kubwa kwenye maumivu ya neva, na diklofenaki ya kila siku huharibu tumbo na figo. Inayotumika sana, na bei yake ni nafuu, ni amitriptilini kwa dozi ndogo: mg 10 usiku, au nusu ya kidonge cha mg 25, ikipandishwa taratibu na daktari. Inahitaji wiki 2 hadi 4 kabla ya kuihukumu, na wengi huiacha siku ya tatu kwa kuona inawalaza tu. Hukausha mdomo. Mzee mwenye tezi dume, mwenye presha ya macho au ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kuandikiwa, na isichanganywe na tramadoli kiholela. Gabapentini ni njia nyingine, ila mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na haiachwi ghafla. Sindano za vitamini B humsaidia aliyepungukiwa nazo. B6 nyingi kwa miezi mingi huleta ganzi yenyewe, jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Maji moto muyaache. Ngozi yenye ganzi haijui kuungua, na lengelenge la maji ya kukanda hufika hospitali likiwa kidonda. Ngozi inayokataa kuguswa hufundishwa: kidonda kikishapona, isuguliwe polepole kwa kipande cha kanga kuukuu dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, ikizoea ihamie kwenye kitambaa cha pamba, mwisho taulo. Mpaka wa ganzi uchorwe kwa kalamu na kupigwa picha kila mwezi. Neva iliyokatika huota kwa kasi ya kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo sentimita 20 za muundi ni zaidi ya miezi 6. Iliyobanwa au kuchubuka tu hurudi mapema, kwa wiki chache au miezi michache. Miezi 3 ikipita moto haujapungua, arudi kwa aliyemtibu aombe kipimo cha neva, na kuulizia sindano ya kuituliza.

Kwa wenzetu wa vyumba vya upasuaji nina ombi moja. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa msiandike "varikosi, amefanyiwa upasuaji" mkaishia hapo. Andikeni ni mshipa upi, mguu upi, kwa njia gani, uliishia wapi, na kama mgonjwa aliweza kuinua wayo kabla ya kuondoka. Wa kituo cha afya cha Pongwe atakayempokea mgonjwa huyo baada ya wiki mbili hana kitu kingine cha kuanzia.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Ngamiani, Tanga