Umbali wa ndege si umbali wa basi

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lako bila kuandika neno, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu safari za ndege kati ya Mwanza na Bukoba imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba viwanja hivyo vimeachana kwa kilomita 415 na kwamba ndege hutumia dakika 25. Mwandishi angepiga hesabu ndogo tu angegundua kwamba ndege hiyo ingepaswa kwenda karibu kilomita 1,000 kwa saa, mwendo ambao ndege za mapangaboi zinazotua Bukoba hazina.

Kilomita hizo zaidi ya 400 ni za barabara, kwa anayelizunguka ziwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Biharamulo na Muleba. Ndege hukatiza juu ya Ziwa Victoria, na mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo ni takriban kilomita 175, ambazo kwa marubani ni maili 94 za baharini, kila moja ikiwa na mita 1,852. Hata kutoka hapa Dar es Salaam hadi Mwanza, basi hutembea zaidi ya kilomita 1,100 na ndege takriban 850.

Makosa haya yana gharama. Mjomba wangu alipofariki Bukoba, nilimpeleka mama yangu mzee kumzika kaka yake. Wakala wa tiketi wa Kariakoo alituhakikishia kwamba kutoka Mwanza ni dakika 25, nasi tukawaarifu ndugu hivyo, wakapanga saa ya mazishi. Hakuna aliyetueleza kwamba dakika hizo ni za kuwa hewani tu, na kwamba ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara na kujipanga kutua. Hapo bado mizigo, na bado barabara ya kijijini. Tulifika vijana wakisawazisha udongo kwa majembe. Mama alisimama pale na kanga yake mkononi, akauliza kwa nini hawakumsubiri, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Hakuuona uso wa kaka yake, na mpaka leo jambo hilo linamuuma.

Mawakala haohao pia huandika saa za tiketi kwa namna isiyowasaidia wazee. Mtu akiona 07:00 kwenye ujumbe wa simu hudhani ni saa saba mchana, kumbe ndege inaondoka saa moja asubuhi. Kuongeza maneno "asubuhi" au "mchana" kunahitaji nini?

Ninaomba kila mnapoandika habari ya safari ya ndege mweke chini yake kisanduku chenye mistari mitatu: kilomita za mstari ulionyooka, kilomita za barabara, na muda wa ratiba kutoka maegesho hadi maegesho, pamoja na saa ya Kiswahili ya kuondoka na kufika. Kianze na safari ya Mwanza na Bukoba, katika toleo la Jumamosi, ambalo ndilo wakala wangu hulibandika ukutani.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam