Brazil haibadiliki kote, inabadilika pale ambapo hamna wa kupiga kelele

Mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Brazil, ile iliyosema tangu rais Lula arudi madarakani Januari 2023 nchi imekuwa nyingine kabisa kwa mambo ya nje na Afrika tumempata rafiki yetu tena. Imeandikwa vizuri na sina ugomvi na mwandishi, ila mi naona kaangalia sana midomo ya marais na hakuangalia meli zinapakia nini pale bandari ya Santos, na ukiangalia meli picha inabadilika, tena kwetu huku inabadilika kwa namna ambayo haifurahishi sana.

Tuanze na Bolsonaro, rais aliyemtangulia Lula huyu wa sasa, maana yeye ndo aliingia akitaka kupindua kila kitu. Jamaa kaapishwa tarehe 1 Januari 2019, waziri wake wa mambo ya nje Ernesto Araújo, mtu aliyekuwa anaandika kwamba habari za mabadiliko ya tabianchi ni njama za Wamarx. Mwezi huohuo wakajitoa kwenye mkataba wa UN wa uhamiaji. Mkutano wa tabianchi wa 2019, ambao Brazil ilishasema itauandaa, walishaukataa hata kabla hajaapishwa. Wakatoka UNASUR, umoja wa nchi za Amerika Kusini, wakajiweka pembeni CELAC, ile jumuiya ya Amerika ya Kilatini na Karibiani, alafu Novemba 2019 pale UN, kwenye ile kura ya kila mwaka ya kupinga vikwazo vya Marekani kwa Cuba, Brazil ikasimama na Marekani na Israel, nchi tatu tu dhidi ya 187, kitu ambacho miaka yote ya nyuma haikuwahi kufanya. Ukisoma hayo unasema kweli bana, serikali mpya sera mpya.

Haya, sasa tazama alipokwama.

Aliahidi kwenye kampeni kuhamisha ubalozi wa Brazil kutoka Tel Aviv kwenda Jerusalem kama alivyofanya Trump, na wapiga kura wake walokole walikuwa wanaisubiri kwa hamu. Lakini Brazil ndo muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa nyama ya halali, kuku wao wanaliwa Saudia, Dubai, Misri, na wenye machinjio wakashtuka kweli. Aprili 2019 waziri wa kilimo Tereza Cristina ikabidi awakusanye mabalozi wa nchi za Kiislamu kwenye chakula cha usiku na rais mwenyewe akahudhuria, na mwisho wa siku kilichofunguliwa Jerusalem ni ofisi ya biashara tu. Ubalozi ukabaki Tel Aviv mpaka anaondoka.

China vilevile. Akiwa mgombea alienda Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, akawa anasema Wachina hawanunui vitu Brazil bali wanainunua Brazil yenyewe. Watu wakadhani sasa ndo basi. Lakini China ndo mteja namba moja wa Brazil tangu 2009, soya yao, madini yao ya chuma, mafuta, nyama ya ng'ombe, vyote huko, na bungeni Brasília kuna kundi la wabunge wa wakulima wakubwa ambalo hakuna rais anayetawala bila kuongea nalo. Mei 2019 makamu wake Mourão akatumwa Beijing kwenda kupoza mambo, Oktoba rais mwenyewe akafunga safari, Novemba akaandaa kikao cha BRICS (Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini) nyumbani kwake Brasília akiwa kakaa na Xi Jinping. Baadaye aliikejeli chanjo ya korona ya Wachina, Sinovac, mpaka watu wakachoka kumsikiliza, na Januari 2021 chanjo iliyoanza kuwaingia Wabrazil mikononi ikawa hiyohiyo. Mnada wa 5G wa 2021 nao ukapita bila Huawei, kampuni ya Kichina, kupigwa marufuku. Kelele zote zile!

Na Urusi ndo inachekesha zaidi. Bolsonaro alikuwa Moscow na Putin tarehe 16 Februari 2022, siku chache kabla ya vita vya Ukraine, maana mbolea ya Brazil karibu yote inatoka nje na Urusi ndo wanaleta fungu kubwa. Akaja Lula, adui yake wa damu, wanatukanana kila siku, na kitu cha kwanza Wajerumani walimwomba Januari 2023 ni risasi za vifaru za kuwapa Ukraine, akakataa. Mei 2025 naye huyo Moscow kwenye gwaride la Putin. Yaani watu wawili ambao hawakubaliani hata leo ni siku gani, kwenye mbolea wanakubaliana.

Sasa Mhariri hapa ndo naomba wasomaji wenzangu tukae vizuri. Kama China, Waarabu na Urusi hawakuguswa, nani aliguswa? Ni sisi Waafrika. Mwaka 2020 Brazil ilifunga ubalozi wake Freetown, Sierra Leone, na ubalozi wake Monrovia, Liberia, ikasema ni kubana matumizi, na hakuna machinjio iliyolalamika wala mbunge wa soya aliyeandamana. Bolsonaro alimaliza miaka minne yote bila kukanyaga nchi hata moja ya Afrika. Hakuzuiwa na mtu, hakuna aliyemdai.

Na hii haikuanza kwake, ndo maana sikubaliani na ile hadithi ya rais mbaya na rais mzuri. Lula wa kwanza, 2003 mpaka 2010, kweli alitujali, tusimnyime haki yake. Alifungua au kufungua upya balozi zaidi ya 15 Afrika, waziri wake Celso Amorim alikuwa haishi kupanda ndege kuja huku, na Lula mwenyewe alikuja Dar Julai 2010 akapokelewa na Kikwete, akitoka Kenya akielekea Zambia. Biashara ya Brazil na Afrika ilipanda kutoka kama dola bilioni 6 mwaka 2003 hadi zaidi ya bilioni 28 mwaka 2013. Mei 2013 Dilma Rousseff, rais aliyempokea Lula kijiti, akiwa Addis kwenye miaka 50 ya umoja wa Afrika akatangaza kufuta au kupanga upya madeni ya nchi 12, karibu dola milioni 900, na Tanzania tulikuwemo tena kwa zaidi ya milioni 200, deni ambalo chanzo chake ni mkopo wa zamani wa barabara ya Morogoro hadi Dodoma, hiyohiyo mnayopita kwenda bungeni.

Lakini anguko lilianza hukohuko kwa Dilma, chama kilekile, sera ileile. Bei ya mafuta ilishuka, uchumi wao ukaporomoka, kesi za rushwa zikaibana kampuni ya ujenzi ya Odebrecht na makandarasi wenzake ambao ndo walikuwa wanajenga Angola na Msumbiji, benki yao ya maendeleo BNDES ikasitisha mikopo ya miradi ya nje. Hotuba za udugu ziliendelea ila hela ilikuwa imekwisha. Alipoondolewa 2016 akaingia Temer, waziri wake José Serra akaagiza kabisa wapige hesabu kama hizi balozi za Afrika na Karibiani zina faida. Kwa hiyo Bolsonaro alikuta mlango uko wazi tayari, yeye akatoka tu.

Na huo wakati mzuri nao tusiupambe kupita kiasi. Waulizeni Wamsumbiji. Mradi wa ProSavana uliotaka kuleta kilimo cha mtindo wa Brazil kwenye ukanda wa Nacala, Brazil na Japani pamoja, ulizaliwa enzi za Lula huyuhuyu, na wakulima wadogo waliupinga mpaka wakawaandikia barua viongozi wa nchi zote tatu mwaka 2013, ukafa 2020. Kule Tete kampuni ya Kibrazil ya Vale ilipochimba makaa ya Moatize familia zilihamishiwa Cateme, na Januari 2012 watu wakafunga reli kwa hasira. Vale wenyewe walishauza mgodi wakaondoka. Kwa upande mwingine kile kiwanda cha dawa za kufubaza VVU cha Matola kilitokana na ushirikiano wa serikali hizohizo, nacho ni kitu cha maana kabisa. Yaani kuna mazuri na kuna mabaya chini ya rais mmoja.

Kuna jambo moja ambalo huwa silisikii likisemwa hapa kwetu. Kamanda wa majeshi ya UN kule Kongo mwaka 2013, wakati vijana wetu wa JWTZ pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi wanawafurusha waasi wa M23 kule karibu na Goma, alikuwa jenerali Mbrazil, Santos Cruz. Baadaye huyohuyo akawa waziri kwenye serikali ya Bolsonaro, akatimuliwa Juni 2019, hata mwaka hakumaliza. Mtu aliyeijua Kivu kwa miguu yake alikaa meza moja na rais ambaye Afrika haikuwa kwenye ramani yake, na haikusaidia kitu.

Sasa Lula huyu wa tatu. Kuna mabadiliko ya kweli, sibishi, msitu wa Amazon haukatwi kama zamani, siku ileile aliyoapishwa alifufua mfuko wa Amazon wa hela za Norway na Ujerumani, mkutano wa tabianchi wa 2025 ukafanyika Belém, CELAC wamerudi. Kwetu alikuja Johannesburg kwenye BRICS Agosti 2023 kisha Angola na São Tomé, na Februari 2024 akawa Cairo na Addis. Ila nani anakumbuka alisema nini Addis kuhusu Afrika? Kilichozunguka dunia ni maneno yake ya kufananisha ya Gaza na ya Hitler, Israel ikampiga marufuku, basi, ziara imeisha. Sukari ya Brazil ilikuwa inakuja kwetu enzi za Bolsonaro na inakuja enzi za Lula, haihitaji balozi wala hotuba, na wanaotuuzia ndo walewale ambao hawakutusemea pale ubalozi wa Freetown ulipofungwa.

Hivyo swali langu siyo kama Lula anatupenda. Wabrazil wanapiga kura Oktoba 2026, na mwaka 2022 yeye na Bolsonaro walitofautiana chini ya asilimia 2, nchi imegawanyika katikati kabisa. Naomba gazeti lako limtume mwandishi wizara ya mambo ya nje Dodoma aulize kitu kimoja tu: kati ya yote tunayofanya na Brazil leo, pamba, utafiti wa mbegu, mafunzo, masomo ya vijana wetu, ni yapi yako kwenye mkataba wenye tarehe na bajeti, na ni yapi yanategemea nani kakaa Brasília? Mkichapisha jibu mi nitanunua nakala mbili.

Msomaji wenu,
Morogoro